Mteja wa Saa Sita Mchana

Kila siku ya kazi, ikikaribia saa sita mchana, Mapigo alifunga mlango wa chumba chake kilichokuwa chini ya ngazi, akavuta kiti, akafuta skrini kwa mkono wa shati, akakaa kama mtu anayesubiri mgeni wa heshima. Mgeni mwenyewe alikuwa mstari. Mstari wa kijani, mwembamba, uliokuwa umelala chini ya skrini asubuhi nzima kama paka aliyeshiba. Milio ya saa ikianza kusikika redioni, mstari uliinuka. Uliinuka wima, ukagonga dari ya skrini, ukang'ang'ania hapo hapo. Na huko redioni, mtangazaji aliyekuwa ametamka "Tunasikitika kutangaza" alinyamaza.

Ukimya wa redio si ukimya wa kawaida. Ukimya wa kawaida hauna mwenyewe. Huu una mtu ndani yake. Mwenye duka anaacha kuhesabu chenji, mama anazima moto chini ya sufuria, na kila mmoja anakitazama kile kisanduku akidhani betri zimekwisha.

Mapigo hakukitazama kisanduku. Alitazama maneno madogo chini ya mstari, ambayo angeweza kuyasoma akiwa amefumba macho. Kompyuta ilieleza nani anayeomba, yuko wapi, anaomba nini. Anayeomba: mke wake. Yuko: Studio ya Pili. Anaomba: rekodi ya sauti yake mwenyewe, yote, mwanzo hadi mwisho.

Mke wake alikuwa kaburini tangu kabla ya mvua.

Wengine wakifiwa hupata ndoto. Mapigo, ambaye maisha yake yote yalikuwa vipimo, alipata grafu.

Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho na mdomoni mwa mama yake. Redioni waliamua kumwita Mapigo kwa sababu kutwa alikuwa akizunguka kuuliza kompyuta zinajisikiaje. Alianza kazi pale akiwa mbeba nyaya, na alitamani sana kutangaza, ila Mungu alimpa sauti ya bawaba isiyowahi kuonja mafuta. Siku waliyomjaribu kwenye maikrofoni, fundi wa sauti alidhani kuna kitu kimeungua. Basi wakamweka chini ya ngazi, mahali ambapo ndoo za usafi na watu wenye akili nyingi huhifadhiwa, na huko akapata kazi iliyomfaa.

Kazi hiyo inahitaji maelezo, na Mapigo aliyatoa kwa kila mtu aliyefanya kosa la kumuuliza. Kompyuta za studio, alisema, ni maskini wanaojifanya matajiri. Mtangazaji anaona rekodi zake zote mbele yake, anadhani ziko kwenye mashine anayoigusa. Hazipo. Zote ziko kwenye mashine moja kubwa ghorofa ya chini, inayoitwa Ghala. Kompyuta ya studio ni mteja tu. Ukibonyeza wimbo, mteja anakimbia hadi kaunta ya Ghala, anaomba kipande, analeta, anakimbia tena, anaomba kingine, na anafanya hayo haraka kiasi kwamba wewe unaona kama alikuwa nacho mfukoni. Wengi wanaohangaika na mambo hayo hupima Ghala. Mapigo alipima mteja. Alitaka kujua mteja ameomba mara ngapi, amesubiri kiasi gani, ameomba tena mara ngapi baada ya kutojibiwa. "Mwenye duka siku zote atakwambia huduma ni nzuri," alikuwa akisema. "Muulize aliye kwenye foleni."

Wateja wa aina hiyo wako namna mbili. Kuna anayekata tamaa: asipojibiwa, anarudi mikono mitupu na kusema hakuna kitu. Na kuna asiyekata tamaa kamwe: asipojibiwa anasimama pale pale kaunta, anaomba tena, na tena, hata Ghala likizimwa, hata jengo likibomolewa. Zamani kompyuta za studio zilikuwa za namna ya kwanza. Ikatokea siku moja mteja akakata tamaa katikati ya tangazo la kifo lililorekodiwa. Wasikilizaji wakasikia, "Tunasikitika kutangaza kifo cha mpendwa wetu," kisha tangazo la sabuni ya unga. Simu zilipigwa mpaka jioni. Koo nzima zilikuwa zimeshaanza kulia bila kujua zinamlilia nani, na kuna mzee mmoja aliyekuja mwenyewe hadi getini kuthibitisha kwamba si yeye.

Tangu hapo Mapigo akazipanga kompyuta zote za studio ziwe za namna ya pili. Zingoje mpaka zijibiwe.

Aliyekuwa akisoma siku hiyo ya sabuni ndiye aliyeshuka ngazi kuja kumgombeza, naye ndiye aliyekuja kuwa mke wake. Alimgombeza vizuri, kwa sauti ya chini, bila kuacha herufi hata moja, na Mapigo akajikuta anatamani kosa lingekuwa kubwa zaidi.

Watu walimwita Bi Adhuhuri. Alisoma matangazo ya vifo ya saa sita mchana kwa muda mrefu kiasi kwamba sokoni walimshika mkono na kumshukuru: wewe ndiye uliyemsoma mjomba, ulimsoma vizuri sana. Alikuwa na sauti ambayo ingeweza kukwambia nyumba yako imeteketea na wewe ukasema asante. Nje ya kazi sauti hiyo ilikuwa balaa. Hakuna ndugu aliyethubutu kupokea simu yake akiwa amesimama. Mama yake mwenyewe, akisikia tu "Shikamoo mama," alikuwa akiketi kwanza na kuuliza ni nani. Bi Adhuhuri angesema amepiga kuuliza bei ya vitunguu, na mama angesema mwanangu, vitunguu vinaulizwa hivyo?

Aliugua ugonjwa mfupi, wa aina ile ambayo daktari anaanza kusema "tuombe" kabla hajamaliza kukutajia jina lake. Tangazo lake lilisomwa saa sita mchana, kwenye kiti chake, na msichana mgeni aliyekuwa katika siku yake ya kwanza kazini. Msichana alilisoma bila kosa. Lilikuwa tangazo la mwisho alilolisoma bila kosa kwa muda mrefu.

Mapigo akiwa bado anakaa sebuleni kwake na wafiwa wenzake, redioni mambo mawili yalifanyika na moja halikufanyika. Mkurugenzi, ambaye alikuwa kwenye kampeni ya kubana matumizi iliyokwisha kula chai ya saa nne na karatasi zote za jengo, aliagiza rekodi za wastaafu na marehemu zihamishiwe kwenye diski kuukuu, zile ambazo wafanyakazi waliziita Makaburini. Kisha akaagiza diski hizo ziwekwe kulala zisipotumika, ili kupunguza bili ya umeme. Ambalo halikufanyika ni kufungwa kwa jina la Bi Adhuhuri kwenye mfumo. Idara ya Utumishi ilieleza kwamba ili jina lifungwe, mhusika anatakiwa aombe mwenyewe. Siku yake ya kuzaliwa mfumo ulimtumia pongezi, pamoja na onyo kwamba hajahudhuria mafunzo ya kuzima moto.

Mapigo aliporudi kazini, akakuta ukimya umeshaanza.

Ulikuja kila saa sita. Kwa kuwa karatasi zilipigwa marufuku, msichana alisoma majina ya marehemu kwenye skrini, na majina hayo pia yalikuwa Ghalani. Alibonyeza, alitamka maneno ya kufungulia, na majina hayakuja. Mashine haikukataa. Ilingoja tu. Kisha, baada ya muda ambao kwenye redio ni sawa na mwaka, majina yalifunguka na yeye akaanza kusoma akiwa ametokwa jasho. Wenzake, ambao hawajawahi kukosa huruma inayochekesha, wakamwita Kigugumizi.

Mara wakaanza kusema mengine. Mfagiaji alisema Studio ya Pili ina baridi. Kiyoyozi kilikuwa humo tangu zamani, lakini sasa kilipewa maana. Mtangazaji wa michezo, mwanaume wa kimo cha kabati, alianza kuingia humo kinyumenyume. Mhasibu akasema wazi kilichokuwa kwenye vinywa vya wote: yule mama hajaachia kiti.

Mapigo alisikia yote hayo. Mtu mwingine angekasirika. Yeye alirudi chini ya ngazi, akafunga mlango, akatazama mstari, akaliona lile jina, na kifua chake kikalegea. Walikuwa wanasema kweli. Wao walisikia tu. Yeye alikuwa na ushahidi.

Wala hakufuatilia zaidi. Hilo ndilo jambo la kushangaza kwa mtu ambaye aliwahi kukesha akitafuta kwa nini kompyuta ya mapokezi inachelewa kwa kiasi ambacho hata nzi asingekigundua. Alikuwa na zana zote. Angeweza kufungua ule mstari na kuutazama tumboni. Lakini kila alipopeleka mkono, mkono ulikumbuka kazi nyingine. Mkurugenzi alipouliza, Mapigo aliandika kwamba uchunguzi unaendelea. Uchunguzi ulikuwa umekaa, umekunja miguu, unangoja saa sita.

Mfukoni mwa suruali alikuwa na nakala ya rekodi ile ile, kwenye kidude kidogo kuliko kidole gumba. Hakuwahi kuifungua. Sauti ya mkewe aliweza kuwa nayo wakati wowote, na kwa hiyo haikuwa sauti aliyokuwa akiitaka. Alitaka kuona kwamba yupo mahali anaomba kitu.

Nyumbani, shemeji yake, mdogo wa marehemu mkewe, alikuja na mifuko mikubwa kufungasha nguo. Alikuja mara ya kwanza akaambiwa asubiri kidogo. Alipokuja tena, alikuta magauni yananing'inia vile vile, na viatu viko mlangoni vimeelekezwa nje, kama vya mtu aliyechelewa kazini. Akauliza shemeji yake anangoja nini. Mapigo akamwambia. Alimweleza juu ya mstari, juu ya jina, juu ya Studio ya Pili. Alimweleza kwa furaha, kama mtu anayesimulia kwamba mgonjwa wake amekula.

Shemeji alikunja mfuko mtupu taratibu, kona kwa kona.

"Na yule binti anayesoma sasa," alisema, "yeye anaambiwaje?"

Mapigo akasema wanamtania tu.

"Shemeji, dada angemsikia mtu anakwama hewani kila siku, yeye mwenyewe angeshuka hizo ngazi. Unakumbuka alivyokushukia?"

Alikumbuka. Usiku huo alilala upande wake wa kitanda, kama kawaida, akiuachia upande wa pili nafasi kubwa kuliko ule ulivyohitaji ulipokuwa na mtu.

Jumatatu Mkurugenzi aliita kikao. Alikuwa mtu wa maneno makubwa na miwani midogo. Alisema redio ni chombo cha sauti, na kwamba hawezi kulipia ukimya wakati ukimya unapatikana bure kila mahali. Alisema haamini mizimu, na ili kuthibitisha alikwisha kuhamisha meza yake mbali na ukuta wa Studio ya Pili. Kwa maoni yake tatizo lilikuwa mtangazaji. Ijumaa ikifika bila mabadiliko, msichana atafute kazi isiyohitaji mdomo. Kigugumizi alikuwa amekaa nyuma, karibu na mlango, akitazama kucha zake. Mapigo alikuwa mbele yake. Alikuwa mtu pekee katika chumba kile aliyejua kwamba msichana hana kosa, na alikinyamazisha kinywa chake kikanyamaza vizuri kabisa.

Kesho yake msichana alishuka chini ya ngazi. Alibisha hodi, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya pale, hata Mapigo mwenyewe akashindwa kujua ajibu nini. Aliingia akasimama kati ya ndoo na rafu ya nyaya. Akasema hakuja kulia. Alishalia nyumbani ili asipoteze muda wa watu.

"Mjomba, nimekuja kuuliza kitu kimoja. Wewe unapima mashine. Ukimya ule unautazama kutoka huku. Umewahi kuutazama kutoka kule?"

Mapigo akakiri kwamba hapana.

"Nakaa kwenye kiti chake. Nasema 'Tunasikitika kutangaza.' Halafu hakuna kitu. Nasikia mtu anapumua. Karibu, hapa, masikioni. Kila siku nachelewa kidogo kutambua kwamba ni mimi." Akatabasamu bila raha. "Wananiambia niombe mama huyo aniachie kiti. Mimi nimeshamwomba. Sasa nakuomba wewe."

Mapigo alitaka kusema kwamba uchunguzi unaendelea. Maneno yalifika mpaka kwenye meno yakaona aibu, yakarudi. Akamwambia kesho atakuja kukaa naye.

Hakuwa ameingia Studio ya Pili tangu msiba. Kila kitu kilikuwa mahali pake: sponji iliyochunika kwenye maikrofoni, mto wa kiti ambao mkewe aliushona kwa kuwa kiti kilimchoma kiunoni, saa ya ukutani inayokwenda mbele kidogo ambayo hakuna aliyekubali kuirekebisha kwa vile wote walishazoea kutoa dakika zilizozidi. Baridi ilikuwepo. Ilitoka kwenye kiyoyozi, lakini ilipomgusa shingoni haikuwa imevaa kitambulisho.

Alikaa pembeni na kompyuta yake mapajani, akaiunganisha na mteja wa studio, na safari hii akafungua kila kitu: kila ombi, kila jibu, kila kusubiri. Alifanya hivyo kwa sababu msichana alikuwa amekaa hapo anamtazama. Peke yake asingefungua.

Milio ya saa ikaanza. Kigugumizi akasogelea maikrofoni. Mstari ukainuka, jina likatokea, na nywele za mikono ya Mapigo zikasimama, kwa maana kutoka huku jina lile lilikuwa limekaa kwenye kiti kile kile pamoja na msichana. "Tunasikitika kutangaza," alisema Kigugumizi. Kisha ukimya. Mapigo akasikia mtu anapumua karibu kabisa na sikio lake, na alihitaji muda kujua kwamba mapafu yale ni yake.

Akashusha macho kwenye skrini ili asitazame kiti.

Mteja alikuwa ameomba vipande vya mwanzo vya rekodi, vingi kwa mpigo, kadiri mikono yake ilivyoruhusu, maana mteja ana mikono yenye kikomo. Mikono yote ilikuwa imenyooshwa Makaburini. Huko diski zilikuwa zimelala, zinajinyoosha, zinaamka kama wazee walioitwa kutoka usingizini. Nyuma ya maombi hayo, kwenye foleni, lilikuwa limesimama ombi dogo la msichana: nipe majina. Hapakuwa na mkono uliobaki wa kulipokea. Na kwa kuwa mteja huyu alifundishwa asikate tamaa, alisimama pale akiwa amenyoosha mikono kwa wafu, akawasahau walio hai.

Hayo Mapigo aliyaelewa mara moja, na bado hayakumuumiza. Makaburi ni ya mkewe. Ana haki ya kuita kutoka huko. Kilichomuumiza kilikuja baadaye kidogo, diski zilipoamka na vipande vilipoanza kuja.

Vilikuja kwa kasi mno.

Rekodi ile ilikuwa ndefu, ya kusikilizwa na mtu mpaka chai yake ipoe. Mtu anayesikiliza huomba kipande, hukisikiliza, kisha huomba kingine. Mstari wake hutembea kama mtu anayetembea. Huyu alikuwa anavuta vipande kwa nguvu zote, anatupa, anavuta vingine. Hakutoa sauti yoyote. Wala hakugusa vile vipande ambavyo mteja alikuwa navyo tayari kwenye kumbukumbu yake. Alivikwepa makusudi ili kila ombi lifike hadi Ghalani na kurudi. Mzimu gani unaikwepa kumbukumbu? Hakuna mfu wala mzima anayesikiliza hivyo. Hivyo ndivyo anavyofanya mtu asiyejali kilichomo ndani, anayetaka kujua tu njia ina kasi gani.

Hivyo ndivyo anavyopima Mapigo.

Aliutambua mkono wake kama unavyoutambua mwandiko wako kwenye daftari la shule. Na pamoja na mkono ikaja siku yenyewe. Ilikuwa mchana, hapa hapa. Mkewe alikuwa na hofu kwamba studio itamkatisha tena kama siku ile ya sabuni, na Mapigo akamwahidi kwamba kabla hajafungua mdomo, kila siku, mashine itakimbia kwanza hadi Ghala na kurudi, kuhakikisha njia iko wazi. Ilihitajika faili kubwa. Akachagua rekodi ya majaribio ya mkewe, kwa kuwa ilikuwa kubwa na ilikuwa karibu. Ilihitajika ruhusa ya folda yake, kwa hiyo akamwambia aingie kwa jina lake mwenyewe, naye aliandika neno lake la siri huku amemfunika macho mumewe kwa kiganja. Kiganja kilinuka losheni. "Haya," alisema, "sasa hata nikichelewa kazini, jina langu litakuwa limefika." Wakacheka, wakaenda kula. Siku zile faili lilikuwa kwenye diski changa, na kipimo kilimalizika kabla ya mlio wa mwisho wa saa. Hakuna aliyewahi kukihisi, na Mapigo alikisahau, kama mtu anavyosahau kitu kinachofanya kazi.

Aliyekuwa akija kila saa sita alikuwa ni yeye, Mapigo, amevaa jina la mkewe, anagonga kaburi kwa nguvu zote na kutosikiliza kinachojibiwa.

Majina yakafunguka. Kigugumizi akasoma. Alipomaliza na taa nyekundu ikazimika, akageuka akamkuta mzee huyo wa chini ya ngazi ameshika uso wake kwa mikono miwili.

"Umemwona?" aliuliza, kwa sauti ndogo.

"Nimemwona," Mapigo alisema. "Si yeye. Ni mimi."

Kulizima lile jambo kulihitaji kubonyeza kitufe kimoja, na Mapigo alizunguka jengo zima kabla ya kukibonyeza. Alipanda ghorofani, akashuka, akanywa maji, akasalimiana na mhasibu ambaye hawakuwa wakisalimiana. Ghala halikujali, lingeendelea kuombwa mpaka jengo lidondoke. Hatimaye akakaa, akaingia, akaona kipimo kimelala pale chini ya jina la mkewe, bado kina hamu ya kesho. Akakifuta. Mashine ikamuuliza kama ana uhakika. Mashine huuliza hivyo kwa kila kitu, hata ukifuta picha ya mbuzi, lakini Mapigo alikaa na swali lile kwa muda mrefu kabla ya kulijibu.

Kisha akapanda kwa Mkurugenzi na kumweleza kosa ni la nani. Mkurugenzi alisikiliza mpaka aliposikia kwamba diski zilizolazwa ili kuokoa umeme zina mkono katika jambo hili. Hapo akasema yaliyopita yamepita, na kwamba mambo ya kitaalamu yasienezwe koridoni. Msichana angebaki. Mapigo naye alipewa onyo la mdomo, kwa kuwa karatasi ya onyo ilikuwa marufuku.

Ijumaa, saa sita, mstari ulibaki chini. Milio ya saa ilipita. Kigugumizi akasema, "Tunasikitika kutangaza," na bila kuvuta hata pumzi akaendelea na jina la kwanza, na la pili, na la tatu, laini kama uzi unaotoka kwenye kibiringo. Ghorofani walipiga makofi. Chini ya ngazi Mapigo alitazama skrini iliyonyooka kama sakafu. Aliitazama mpaka matangazo yakaisha na muziki ukaanza, naye bado akawa anaitazama, huenda mstari ungeinuka.

Jioni ile alimpigia shemeji yake aje na mifuko.

Lakini redio ina watu ambao hakuna aliyewahi kuwauliza, nao ni wasikilizaji. Wiki iliyofuata wakaanza kupiga simu. Mwenye duka aliuliza kwa nini ule ukimya umeondolewa. Mama mmoja alisema tangu afiwe na mwanawe, pale mlipokuwa mnanyamaza ndipo alipokuwa anamkumbuka. Sasa mnasoma wafu kama bei za nyanya. Wakapiga wa mbali, wakapiga wa karibu, akapiga hata yule mzee wa getini. Walidhani ukimya ule uliwekwa makusudi, na kwamba ni heshima.

Mkurugenzi, mtu mwepesi kuona mbali jambo likishafika karibu, aliita kikao na kutangaza kwamba ukimya ulikuwa wazo lake tangu mwanzo, ila wenye haraka hawakumwelewa. Ukarudishwa rasmi. Kabla mwezi haujaisha ulikuwa na mdhamini: karakana ya majeneza, ambayo huomba itajwe mara moja tu, kwa sauti ya chini. Kigugumizi anaunyamaza vizuri kuliko mtu yeyote. Jina lile la utani limembakia, lakini siku hizi hulitamka mwenyewe akijitambulisha, na kiti amekitilia mto mpya juu ya ule wa zamani, bila kuutoa wa chini.

Na Mapigo yuko pale pale, kati ya ndoo na nyaya. Ikikaribia saa sita anafunga mlango. Skrini ameigeuzia ukutani. Anakitoa kile kidude mfukoni, anakichomeka, anavaa vipokea sauti. Redioni msichana anasema "Tunasikitika kutangaza" na kunyamaza. Hapo hapo Mapigo anabonyeza, na mkewe anaendelea kutoka pale alipoishia jana, kwa mwendo wa mtu anayezungumza. Anakohoa. Anageuza karatasi. Anamuuliza mtu wa upande wa pili wa kioo kama anamsikia. Kisha Kigugumizi anasoma jina la kwanza, na Mapigo anasimamisha rekodi.

Rekodi ni ndefu na ukimya ni mfupi. Itamfikisha mbali, ila ni mbali kiasi gani hajui. Hicho ndicho kitu pekee maishani mwake ambacho hajakipima.